Siku Ofisi ya Leseni Ilipofungwa

Siku ya kura za mchujo ofisi ya leseni za magari ya Kaunti ya Tolliver haikufunguliwa. Kibao kilining'inizwa mlangoni, na mkulima aliyetaka namba za lori lake ilimbidi arudi kesho. Lakini wafanyakazi wenyewe walifika mapema kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, wakaegesha magari yao nyuma ya duka la matairi la Orval Pruitt, wakaingia ofisini kwa mlango wa uani. Hawakuja kuandika leseni. Walikuja kupangiwa wapiga kura wa kubeba.

Verlene Kreutz, msimamizi wa dirisha, alitangulia kufika na hakuketi hata alipovutiwa kiti. Tangu alfajiri mwili wake ulikuwa umekataa kutulia. Nyumbani alichemsha kahawa akaisahau jikoni. Alifunga mlango, akarudi kuhakikisha ameufunga, akafika barabarani akajiuliza tena kama ameufunga. Sasa alisimama karibu na kabati la namba za magari akigusa gusa kufuli lake, na donati aliyopewa ilikuwa inamwaga sukari kwenye kiatu chake bila yeye kuiona.

Jambo moja lieleweke mapema, maana bila hilo wasiwasi wa Verlene utaonekana ni deko la mjane asiye na shughuli. Miaka ile ofisi za leseni jimboni kwao hazikuwa za serikali kama posta ilivyo ya serikali. Jimbo lilichapa leseni na kugonga vibao vya namba, basi, likaishia hapo. Kilichobaki kilikuwa cha chama. Gavana akishashinda, ofisi ya kila kaunti inakabidhiwa mwenyekiti wa chama chake wa palepale. Huyo ndiye anayetafuta chumba, ananunua kalamu, anaajiri anayempenda. Kwa kila leseni iliyopita dirishani kulikuwa na ada kidogo ya huduma iliyobaki ofisini. Humo ndimo ilimotoka mishahara, kodi ya chumba na umeme, na kilichosazwa kilikwenda kwenye mfuko wa chama. Mfanyakazi naye akishapokea mshahara alimega kipande akakirudisha chamani kwa hiari yake, hiari ile ambayo ukiikataa unamwaga unga. Hata wapinzani walilipa ada hiyo hiyo, maana leseni nyingine ungeipata wapi? Walichangia chama kinachowashinda, wakapewa risiti. Gavana akianguka, ofisi nzima inahamishwa mara moja, kuanzia mwenyekiti hadi mfagizi, na kesho yake unakuta dirishani sura mpya zinazotafuta stepla iko wapi. Magazeti yalipiga kelele. Kila mwaka wabunge kule mji mkuu walitishia kuufuta mpango huo, na kila mwaka walikumbuka ni nani aliyewabebea wapiga kura.

Verlene aliipenda kazi ile, na hakuona haya kuipenda. Kaunti nzima ilipita mbele yake. Vijana wa leseni ya kwanza, wajane wanaobadilisha gari kutoka jina la marehemu, wanaume wakubwa wanaofinya macho mbele ya mashine ya kupima uoni wakijifanya wanaona. Mumewe alipofariki, dirisha lile ndilo lililomtoa kitandani kila asubuhi. Alikuwa na mshahara, ndiyo, na nyumba ya kulipia, lakini kilichomtisha zaidi ni kufikiria asubuhi isiyokuwa na dirisha.

Sasa huyo Merritt.

Merritt Stolle alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alipokufa, Verlene ndiye aliyemvalisha, akamfunga viatu, akamfuta makamasi, akampeleka shule akiwa amemshika kola ya shati asikimbie. Alikua akawa naibu wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti anayechaguliwa kwa kura, na sherifu wake aliposhindwa, naye akapigwa kalamu, maana kule kwa sherifu nako mambo yalikuwa yale yale. Tangu hapo alikuwa anatengeneza magari kwenye banda la nyuma ya nyumba yake. Mwaka huu alijitosa kugombea usherifu mwenyewe, kupitia chama cha pili, chama cha baba yao. Verlene alikuwa amekiacha chama hicho alipoolewa na ukoo wa Kreutz, na kwa ukoo huo akalipata dirisha.

Katika mchujo, ambapo kila chama kinachagua wagombea wake, watu wa kaunti ile hawakupiga kura kimyakimya. Ulifika mezani, ukataja jina lako, kisha ukataja kwa sauti unataka kura ya chama gani. Makarani wa pande zote mbili walikaa pale wakiandika. Ukitaka kumpigia mtu wa chama cha pili, lazima uombe kura ya chama cha pili mbele ya jirani zako, na kabla hujafika nyumbani mwenyekiti wako atakuwa amekwisha sikia. Kwa hiyo Verlene hakuweza kumpa mdogo wake kura bila kulitoa dirisha, na hakuweza kulishika dirisha bila mdogo wake kujua. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, na lingekunyima hata wewe.

Orval Pruitt, mwenyekiti wa chama wa kaunti, aliingia akipangusa weusi wa matairi mikononi kwa kitambaa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mkumbuka majina ya watoto wa watu. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa.

"Haya, watoto wangu," alisema. "Leo hakuna mgonjwa, hakuna mvua, hakuna mguu unaouma. Mtu wetu akisema hawezi kutoka, mbebeni na kiti chake. Anayetaka kuongea muda mrefu, aongee ndani ya gari. Tumeelewana?"

Wakacheka. Akawagawia mitaa. Verlene alipewa mtaa wa makanisa, wenye vikongwe wengi. Wengine walipotoka, Pruitt akamwita kwa kidole.

"Verlene, mama. Umekula kweli?"

"Nimekula, mwenyekiti."

"Donati umeishika tu. Sikiliza. Najua ni damu yako. Mimi si mnyama, hata mimi nina kaka."

"Najua unaye."

"Lakini kaka yangu hajawahi kunilipa mshahara." Akacheka, akamgusa bega. "Nenda kapige mapema, uondoe huo mzigo. Nataka kabla ya mchana niwe nimesikia umekwenda, na umeomba nini. Sawa?"

"Sawa, mwenyekiti."

"Uso huo sasa! Utadhani nimekutuma kuzika mtu."

Verlene alitoka akakaa garini, akashika usukani, akaachia, akaushika tena. Ilikuwa asubuhi ya Mei, mashamba yamelowa, na harufu ya mbolea ilikuwa imeingia hadi mjini. Akakumbuka Jumapili iliyopita. Merritt alikuja kula kwake kama kila Jumapili, kuku na tambi nene za kusukumwa kwa mkono, zimemwagwa juu ya viazi vya kuponda. Alikula sahani mbili. Verlene alingoja aombwe. Alikuwa ameandaa jibu, refu, lenye sababu zote. Merritt akajifuta mdomo, akasema:

"Sitakuomba, dada. Najua ulipo."

Akaenda kuosha sahani. Ningekuwa mimi, ningemrushia bakuli. Angeomba, Verlene angepata la kukataa, wangegombana, wangenuniana wiki nzima na kuyamaliza. Sasa alimwachia uamuzi wote mikononi, akaondoka zake anapiga mluzi.

Kituo cha kura cha kata yao kilikuwa kwenye jengo la zimamoto. Magari mawili mekundu yalikuwa yametolewa nje, na meza zimepangwa mahali yanapolala. Sheria ilikataza wagombea kusogea mlangoni, kwa hiyo ulichorwa mstari wa chaki barabarani, na nyuma ya mstari huo alisimama Merritt kwenye koti lake la kanisani, akipeana mikono na kila anayepita. Mpinzani wake ndani ya chama hicho hicho, mfanyabiashara wa chakula cha mifugo mwenye hela za kuchezea, hakusimama mahali. Alikuwa ameajiri vijana wa kumsimamia.

Verlene alileta abiria wake wa kwanza, bwana mmoja na mkewe, akawashusha kando ya mstari. Merritt akawafungulia mlango.

"Dada, umeshapiga?"

"Nina watu wa kubeba kwanza," alisema Verlene, na akaondoa gari kabla mlango haujafungwa vizuri.

Akaleta wengine. Akaleta wengine tena. Kila alipofika alijiambia sasa naingia, na kila alipofika alikumbuka mtu mwingine anayengoja. Alibeba hata watu wasiokuwa wake. Alimpeleka mwanamke mmoja kupiga kura, akampeleka dukani kununua maziwa, akambebea maziwa hadi jikoni, akamuuliza kama hana nguo za kuanua. Alinunua petroli wakati tanki lina petroli. Mchana ulipopita bila yeye kuingia, alijua Pruitt ameshaanza kuuliza. Akapita mbele ya duka la matairi, akamwona amesimama mlangoni anatazama barabara. Akainama kana kwamba anatafuta kitu chini ya kiti, na nusura apande ukingo wa barabara.

Akili yake nayo ilizunguka. Asipige kabisa? Angesema gari liliharibika. Lakini kaunti nzima ilikuwa inaliona gari lake likikata mitaa tangu asubuhi. Asipopiga, Pruitt angesema amesaliti kwa ujanja, na Merritt angejua ameshindwa hata kusaliti waziwazi. Aombe kura ya mdogo wake, liwalo na liwe? Aliona dirisha, na nyuma ya dirisha mtu mwingine, mkwe wa Pruitt labda, amekalia kiti chake, anawauliza watu wake majina wakati yeye Verlene alikuwa anawajua wote tangu walipokuwa tumboni. Aombe ya gavana? Hapo aliona kola ya shati ya mtoto wa shule, na akabadilisha gia kwa nguvu zisizohitajika.

Ilipokaribia saa kumi na moja alikuwa amebakiwa na mtu mmoja, Bi Hulda Ostermeyer, aliyekuwa mpishi wa shule kwa maisha yake yote ya kazi. Bi Hulda alitoka nyumbani na kofia ya sherehe na mkoba mkubwa, akaingia garini kwa awamu: mguu, mkoba, mguu wa pili, maoni.

"Gari lako linanuka petroli. Na wewe unatetemeka nini? Umekunywa?"

"Sijanywa, Bi Hulda."

"Basi kunywa. Ukitetemeka hivyo bila sababu watu watakudhani mgonjwa."

Njia nzima alisimulia habari za meno yake. Verlene aliitikia ehe, ehe, bila kusikia. Walipofika, mstari ulikuwa umepungua watu, na Merritt alikuwa bado amesimama palepale. Koti lilikuwa limelowa mabegani kwa manyunyu. Akamshika Bi Hulda mkono kumvusha dimbwi.

"Ingia naye, dada," alisema. "Sakafu inateleza."

Hakuuliza tena kama ameshapiga. Verlene akamshika bibi kiwiko, wakaingia.

Ndani kulinuka mpira wa mabomba na kahawa iliyoungua. Nyuma ya meza walikaa makarani, na upande wa chama cha pili alikaa Nadine, mke wa Merritt, nywele amezibana, kalamu mkononi. Pembeni ukutani aliegemea wakala wa Pruitt na penseli sikioni. Watu sita saba walikuwa kwenye foleni au wamekwisha piga wakawa wanapiga soga, maana mvua ilikuwa imewafungia.

"Hulda Ostermeyer," bibi alitangaza kabla hajaulizwa. "Na nipeni kura ya akina Merritt."

Wakala wa Pruitt akajitenga na ukuta. "Bi Hulda! Gari lililokuleta si ni letu?"

"Kwani nimelinunua? Gari ni gari."

"Lakini miaka yote umekuwa wetu."

"Miaka yote nilikuwa nakula kwenu. Siku hizi meno sina." Watu wakaangua kicheko. "Yule kijana alinivuta kwenye theluji mwezi wa pili, saa nzima amelala chini ya gari langu, akakataa hata chai. Nyinyi nimewaona lini kwenye theluji? Nyinyi nawaona kwenye kura."

Hata karani wa upande wa gavana alicheka, akafunika mdomo. Bi Hulda akasindikizwa kwenye mashine ya kupigia kura, pazia likafungwa nyuma yake, na vicheko vikaisha kidogo kidogo. Hapo Verlene akajikuta yuko mezani, na hakuna mtu mbele yake.

Nadine akainua macho. "Jina?"

"Nadine, jamani. Unanijua."

"Sheria ni sheria, wifi. Lazima ulitaje."

"Verlene Kreutz."

Kalamu ikaandika. Ikasimama. "Chama gani?"

Verlene alifungua kinywa. Alisikia mvua kwenye paa la bati, akasikia kishikio cha mashine kikilia kule kwa Bi Hulda, tak, tak, mtu anayejua anachotaka. Alisikia penseli ikichomolewa sikioni. Nadine hakumhimiza. Alimtazama tu, na usoni mwake kulikuwa na kitu kama huruma, na Verlene akamchukia kwa huruma hiyo.

"Ya gavana," alisema.

Ilitoka ndogo. Wakala akasogea. "Samahani, Verlene, hatujasikia huku."

"Ya gavana!" alisema, na safari hii ilikuwa kelele, hata mzima moto mmoja aliyekuwa anakunja turubai akageuka.

Nadine akainamisha kichwa akaandika.

Mashine zile za chuma zilikuwa na safu mbili za majina, chama hiki juu, chama kile chini. Karani alivuta wenzo wa pembeni, na safu ya chama ambacho hukukiomba ikafungwa. Majina yake hayakufichwa. Yalibaki palepale mbele ya macho yako. Verlene alisimama ndani ya pazia akamwona mdogo wake katika safu ya chini: Merritt Stolle, kwa herufi nyeusi, na kishikio kidogo cha chuma pembeni ya jina. Akakiangalia. Kisha akanyoosha kidole akakisukuma. Hakikusogea. Akakisukuma tena kwa dole gumba, kwa nguvu, mpaka ukucha ukauma. Hakikusogea, na kwa nini kisogee, wakati alikuwa ametoka kukifunga mwenyewe mbele ya watu? Akapiga za gavana zote, upesi, bila kusoma majina, akafungua pazia.

Hakuweza kutokea mlango wa mbele. Alipita nyuma, kwenye mabomba yaliyotundikwa, akatoka uchochoroni kwenye mvua, akaliendea gari lake kwa kuzunguka jengo zima. Alilisogeza upande wa mbali wa barabara akapiga honi. Bi Hulda alikuwa amesimama na Merritt kwenye mstari wa chaki chini ya mwavuli mmoja, wanacheka. Bibi akaja taratibu, mguu, mkoba, mguu. Verlene alikaza shingo, akatazama vifutio vya kioo vikienda na kurudi. Merritt alinyanyua mkono. Yeye akaingiza gia.

Usiku redio ya kaunti ilitangaza. Mwenye chakula cha mifugo alimwangusha Merritt vibaya sana, kata kwa kata. Kura moja isingemwokoa. Ingemsindikiza tu. Verlene alizima redio, akaiwasha, akaizima, kisha akaenda kuangalia kama mlango wa mbele umefungwa.

Kesho yake ofisi ilifunguliwa kama kawaida, na foleni ilikuwa ndefu kwa sababu ya siku iliyopotea. Alifurahi kuwa na kazi. Hakumtazama mtu usoni, alitazama karatasi. Ilipofika saa nne Pruitt akaja, akamwita nyuma ya kabati, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Nilipata wasiwasi jana," alisema. "Mchana wote nasikia hajafika, hajafika. Nikasema huyu mama ataniangusha. Kumbe ulitaka wote wasikie vizuri!" Akacheka mpaka tumbo likacheza. "Fungua basi."

Kilikuwa kibao cha namba za gari, kipya, na baada ya herufi za kaunti kulikuwa na tarakimu moja tu. Tisa. Watu wa kawaida walipewa namba ndefu kadiri zilivyotoka kwenye boksi. Namba fupi Pruitt alizifungia kwenye droo yake, kwa watu wa nyumbani: hakimu, mweka hazina, matajiri wa nafaka. Askari wa barabarani akiiona anapunga mkono. Na kila mtu mwingine akiiona anajua gari hilo ni la nani, na limekula wapi.

"Ilikuwa ya daktari mzee, Mungu amrehemu. Kaifunge sasa hivi, uegeshe mbele. Nataka watu waone kwamba chama hakisahau."

"Asante, mwenyekiti," alisema Verlene. Alikuwa amelipata alilolitaka, dirisha lilikuwa lake mpaka gavana aanguke, na miguu yake ilikuwa inataka kukimbia.

Akatoka na bisibisi. Alipiga magoti nyuma ya gari kwenye changarawe. Skrubu zilikuwa zimeota kutu kwa chumvi ya barabara ya miezi ya baridi, na bisibisi iliteleza ikamkwaruza kidole. Akajaribu tena. Ikateleza tena. Akaanza kuipiga skrubu kwa mpini, ovyo, kama mtoto aliyekasirika.

"Utaiharibu kichwa hiyo. Lete."

Alikuwa Merritt, ovaroli ya kazi, karatasi za gari la mteja mfukoni. Alikuja kubadilisha umiliki wa lori, na pa kwenda pengine hapakuwepo katika kaunti nzima. Hakungoja jibu. Alichuchumaa kando yake, akatoa mafuta kwenye mkoba wake wa vyuma, akaidondoshea skrubu, akasubiri kidogo, akaigonga mara moja, akaizungusha ikatoka. Ya pili hali kadhalika. Akachukua kibao kipya kutoka kwenye changarawe, akakigeuza, akakisoma.

"Nani kafa?" aliuliza.

Merritt akakipangusa kwa mkono wa ovaroli na kukipachika.

"Isingesaidia," Verlene alisema. Sauti ilikwaruza. "Merritt, hata ningekupa isingesaidia kitu. Alikushinda kila mahali."

"Najua. Saa sita mchana vijana wangu waliniletea makadirio ya kata zingine. Nilijua imekwisha."

"Saa sita?"

"Mm. Nishikie huku isipinde."

Akashika. Vidole vyao vilikuwa karibu kwenye bati moja. "Sasa kama ulijua tangu saa sita," alisema, "ulisimama pale mvuani mpaka jioni unafanya nini?"

Merritt akakaza skrubu ya mwisho, akakitikisa kibao kuona kama kimeshika. Hakumtazama.

"Nilikuwa nakungoja wewe, dada. Ulikuwa hujapiga."

Akafuta bisibisi, akamrudishia kwa upande wa mpini kama Verlene mwenyewe alivyomfundisha zamani, akachukua mkoba wake. Kisha akaingia ofisini kupanga foleni nyuma ya wengine, na dirishani hapakuwa na mtu wa kuwahudumia.